Zamu za Pumzi

Wanaume walipomchukua Hadija kwenda kumzika, baada ya swala ya adhuhuri, sisi wanawake tulibaki uani kwa mwanawe kule Ijuganyondo, tumeketi kwenye mikeka chini ya turubai, tukisikiliza sauti zao zikififia kuelekea makaburini. Mimi nilipewa kiti kwa ajili ya magoti yangu. Harufu ya pilau ilijaa ua mzima, na pembeni palikuwa na sufuria ya ndizi na maharage, maana ukoo wa Hadija ulitoka pwani zamani sana, na umekaa Bukoba muda mrefu kiasi kwamba hata misiba yao ina vyungu vya aina mbili. Mjukuu wake Zuhura alikuja akachuchumaa mbele yangu na sahani. Zuhura ni muuguzi kama tulivyokuwa sisi. Anafanya kazi ng'ambo ya ziwa, Mwanza, katika chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine zinazopumua, zinazohesabu mapigo ya moyo na kulia zenyewe mambo yakiharibika. Alisubiri nimeze matonge mawili, kisha akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa nalo tangu asubuhi.

"Bibi alikuwa akisema nyinyi wawili mliianza kazi hii bila mashine. Sasa mgonjwa akishindwa kupumua, mlikuwa mnamfanyaje?"

"Tulikuwa tunapumua kwa ajili yake," nilimwambia.

Alitabasamu kwa adabu, kama vijana wanavyotabasamu mzee anapotia chumvi. Sikutia chumvi. Nilirudi nyumbani jioni ile na jibu langu likiwa limebaki nusu, na tangu hapo nimekuwa nikimalizia nusu ya pili kichwani. Hadija mwenyewe ndiye angelisimulia vizuri, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, lakini hayupo tena, kwa hiyo itabidi nilisimulie mimi.

Ulikuwa mwaka ule vijiji vya ujamaa vilipoanza kuchipuka kwenye lweya, yale majani matupu yaliyo kati ya vilima vya migomba, ambako wazee wetu walikuwa wakilisha ng'ombe tu na kukata nyasi za kuezekea. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya kilimani, upande wa Muleba, ambapo asubuhi ukungu ukipanda ungeweza kuliona ziwa lote mpaka visiwani. Niliipenda wodi ile kupita kiasi. Vitanda vilipangwa safu mbili, na katikati palikuwa na meza ndefu ambapo mama, dada na mawifi wa wagonjwa waliweka vikapu vya chakula, kwa hiyo saa za mchana wodi ilinuka ndizi, samaki wadogo wa furu wa kukaangwa na dawa ya kusafishia sakafu, vyote pamoja. Nilijua nani amegombana na mkwewe na nani ameficha mimba. Nilijua bibi yupi anatafuna kahawa kwa siri chini ya shuka ingawa daktari amemkataza. Wagonjwa walikuja wakiugua, wakalalamika, wakacheka, wakaenda zao, na wengi walirudi kunitembelea na mkungu wa ndizi kichwani. Kama ungeniuliza wakati ule uuguzi ni nini, ningekujibu kwamba ni mazungumzo, na sindano katikati.

Kisha Daktari Mutalemwa akarudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa mtu wa kwetu, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na wazo moja tu ambalo hakulichoka: kwamba wagonjwa walio karibu kabisa na kifo wasitawanywe wodini, bali wakusanywe mahali pamoja, wakae na muuguzi ambaye hana kazi nyingine ila kuwatazama. Alimwomba chumba metroni wetu, Sista Gaudensia, mtawa aliyekuwa na funguo za hospitali nzima kiunoni. Sista alifikiri muda mrefu, halafu akampa chumba cha kupigia pasi. Kilikuwa na madirisha mawili, sakafu nzuri ya saruji na harufu ya wanga wa mashuka ambayo haikutoka hata tulipopaka chokaa. Wanawake wa dobi walihamishiwa barazani, na hawakuona haya kutuambia kwamba wanasubiri kurudi. Sista naye alisema wazi: kama hadi Krismasi chumba hakijaonyesha faida, pasi zitarudi.

Hadija ndiye aliyekabidhiwa chumba, kwa sababu alikuwa amepelekwa kwa meli kujifunza kazi hiyo katika hospitali kubwa. Aliambiwa achague mwenzake, akanichagua mimi. Tulikuwa tukiishi chumba kimoja katika nyumba ya wauguzi, vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na pazia alilolishona mwenyewe kwa kitenge cha kijani. Yeye alisali asubuhi upande wake na mimi nikasali rozari upande wangu. Kila nilipochanganya "r" na "l", kama Wahaya wengi tufanyavyo, alirudia neno taratibu bila kunitazama, akiendelea kukoroga chai. Nilimuuliza kwa nini mimi, wakati walikuwepo wauguzi waliofaulu kunizidi. Alikuwa anakaanga maandazi. Alisema, "Kwa sababu wewe ni mbea, Resti. Unataka kujua kila kitu cha mtu. Kule ndani ndicho kinachotakiwa." Niliudhika siku nzima.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Tulikuwa na vitanda vitatu, mitungi miwili ya oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi iliyoendeshwa kwa kukanyaga kama cherehani, kipimo cha presha, chupa za dripu, na mfuko mmoja mweusi wa mpira ambao ukiubinya unasukuma hewa kifuani mwa mtu. Wagonjwa walioletwa walikuwa wamechelewa. Alikuja mzee aliyejaa maji mapafuni, akafa. Akaja mvuvi aliyeungua moto, kijana mwenye kifua kama ubao wa mninga, tukamwosha na kumfunga na kumnywesha, naye akafa. Akaja msichana wa shule mwenye malaria iliyopanda kichwani, na mama yake akaniomba nimwamshe, kana kwamba nilikuwa na uwezo huo nikauficha. Hawakuzungumza nami hata mmoja wao. Nilikuwa nimezoea kumjua mgonjwa kwa maneno yake, na sasa nilikaa saa nyingi kando ya watu ambao sikujua kama wanapenda chumvi au hawapendi. Watu wakaanza kukiita chumba chetu "chumba cha mwisho." Bibi mmoja wodini, aliposikia daktari akisema ahamishiwe kwetu, alishika nguzo ya kitanda kwa mikono yote miwili, na ikabidi tumwache.

Kulikuwa pia na Deo. Deo alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa mjini Bukoba, mtu safi, mpole, aliyekuja na basi Jumapili moja kwa mwezi akiwa amevaa viatu vilivyong'aa hata barabara ikiwa tope. Alikuwa anajenga nyumba kwao Rubafu, na mazungumzo yake mengi yalihusu nyumba hiyo. Alitaka jibu kabla ya msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, na jibu lenyewe lilikuwa na sharti, kwamba nikiolewa niache kazi, hasa kazi ile. Alisema mke wake hatashinda na watu wanaokufa. Sikumlaumu. Kwa kweli, baada ya yule msichana wa shule, nilikwenda kwa Sista Gaudensia nikamwomba anirudishe wodi ya wanawake. Alinisikiliza akigeuza funguo zake, akasema nafasi hakuna kwa sasa, ila ikipatikana atanipa.

Nafasi ilikuwa bado haijapatikana walipomleta Ma Yustina. Walimbeba kwa machela kutoka kijiji kimoja cha ujamaa kilichokuwa mbali kwenye lweya, watu wengi, wanaume wakipokezana mabega na wanawake wakifuata nyuma na mizigo. Alikuwa mwanamke wa makamo, kiongozi wa kina mama wa kijiji chao, na nilikuja kusikia baadaye kwamba hakuna mkutano uliokwisha pale kabla yeye hajasema la mwisho. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe wakati wa kupeleka samadi shambani, akafunga kidonda kwa jani, akaendelea na kazi. Sasa taya lilikuwa limejifunga. Uso wake ulikuwa umevutwa ukafanya kama tabasamu ambalo si tabasamu, na mgongo ulikuwa mgumu kama mti. Tulipoiweka machela chini, mguu mmoja wa machela ukagonga sakafu, na mlio ule tu ukamkunja Ma Yustina mwili mzima kama upinde. Daktari Mutalemwa alitutazama mimi na Hadija. Alisema ni pepopunda, na kwamba akili yake ni timamu kabisa; anasikia kila kitu na anahisi kila kitu, ila kila anachokisikia na kukihisi kinamkaza. Dawa ya kuvunja sumu atampa, na ya kulegeza misuli pia, lakini dawa kubwa ni giza na utulivu, wiki nyingi za utulivu, na macho ya mtu asiyeondoka.

Hadija alikigeuza chumba kile siku hiyohiyo. Madirisha aliyafunika kwa mablanketi. Magurudumu ya meza ya dawa aliyafunga kwa pamba na bendeji. Aliamuru kila anayeingia avue viatu mlangoni, daktari akiwa wa kwanza, na Daktari Mutalemwa akavua. Dobi waliambiwa wapeleke pasi zao nyuma ya jikoni. Ilibaki kengele ya kanisa, iliyokuwa hatua chache kutoka kwetu na yenye sauti ya kuamsha hata visiwa. Ilipolia saa sita mchana siku ya kwanza, Ma Yustina alikakamaa mpaka tukadhani mfupa umevunjika. Hadija alijifunga kitambaa chake kichwani, akatoka juani, akaenda moja kwa moja kwa padre. Nilimwona kupitia mlango, yeye Mwislamu, amesimama barazani kwa padre mikono ameikunja mbele, akieleza. Sikusikia aliyoyasema. Nilichosikia ni kwamba kuanzia jioni ile kengele ilinyamaza, na kwa wiki nyingi watu wa kilima chetu walichelewa misa, wakisema wanachelewa kwa ajili ya Ma Yustina.

Utulivu, hata hivyo, haukutosha, kwa sababu muuguzi lazima aguse. Kumgeuza, kumsafisha, kumfyonza mate, kumlisha maziwa na uji kwa mpira uliopita puani, yote hayo ni kugusa, na kila mguso ulimkaza. Siku ya pili nilikuwa peke yangu naye. Nilihitaji kupima presha, na niliogopa kuugusa mkono wake. Nikajikuta nimeinama karibu na sikio lake, na kwa Kihaya, kwa sauti ndogo kuliko ya maungamo, nikamwambia: Ma, mimi ni Resti. Sasa hivi nitakushika mkono wa kushoto. Nitaufunga kitambaa, kitabana kidogo, halafu kitaachia. Nikasubiri. Kisha nikamshika. Mkono ulitetemeka kama maji yanavyotetemeka ndooni, lakini haukukaza. Nikajaribu tena wakati wa kumgeuza, nikimwambia kila kitu kabla sijakitenda, na mara nyingi, si zote, mwili wake ulinisubiri. Hadija alikuwa ameingia nami sijui. Alikuwa amesimama nyuma yangu miguu mitupu. Aliponivuta nje barazani nilifikiri atanikaripia kwa kuvunja ukimya. Badala yake alimwita Daktari Mutalemwa, na daktari akasema sote tufanye hivyohivyo, na akaniomba nimsahihishe Kihaya chake, maana miaka ya ng'ambo ilikuwa imekitia kutu.

Hapo ndipo umbea wangu ulipopata kazi. Kwa kuwa nilianza kumwambia habari za mkono na mguu, niliona si vibaya kumwambia na mengine, kwa sauti ileile ya chini, saa ndefu za mchana nikiwa nimekaa gizani na kidole kwenye mshipa wake. Nilimwambia mvua imenyesha. Nilimwambia mumewe, Ta Laurenti, amekula, na kwamba analala barazani hataki kwenda kwa ndugu. Nilimwambia wodi ya wanawake wanagombania nini. Mwisho, kwa kuwa hajibu, nilimwambia habari za Deo, nyumba ya Rubafu, viatu vinavyong'aa na sharti lake, na kwamba sijui nifanye nini. Nimewahi kuungama kwa mapadre wengi. Sijawahi kuungama vizuri kama nilivyofanya kando ya kitanda kile.

Halafu koo likafunga. Ilikuwa asubuhi, tumetoka kumsafisha, na bila sauti yoyote ya kumshtua alikazwa na mkazo ambao haukuachia. Midomo ikawa ya zambarau. Hadija alikimbia miguu mitupu kumwita daktari, na daktari alipoingia alifungua kifurushi chake, akaniambia nishike taa na kichwa, akatoboa koo lake palepale kitandani na kuingiza mrija. Nilisikia hewa ikiingia kama mtu anayevuta chai ya moto. Tukaunganisha ule mfuko mweusi, Hadija akaubinya, kifua kikapanda. Daktari alipoweza kusema, alitueleza kwamba sasa atampa dawa nyingi ya kulegeza, nyingi sana, ili mikazo isimuue, na dawa hiyo itampunguzia pumzi zake mwenyewe. Kwa hiyo pumzi tutampa sisi kwa mfuko, bila kuacha, mpaka sumu iishe nguvu. Sikumbuki kama aliuliza iwapo tunaweza.

Mwanzo ni rahisi kubinya mfuko. Unaubinya unapovuta pumzi yako, unauachia unapoitoa, ukitazama kifua. Baada ya muda kiganja kinawaka, kisha kinakufa ganzi, na akili inaanza kuzurura, na akili ikizurura mtu anakufa. Tulipokezana mimi, Hadija, daktari, wauguzi wa wodi nyingine walipomaliza kazi, hata Sista Gaudensia, ambaye alivua funguo zake zisilie. Lakini wodi zilikuwa zimejaa, na baada ya siku kadhaa nilimwona mwanafunzi mmoja wa uuguzi akiwa amesimama na mfuko mkononi, macho wazi, amelala. Mchana ule tulikaa barazani, daktari, Hadija na mimi, na sahani ya ndizi ambayo hakuna aliyeigusa. Daktari alisema mikono haitoshi, na alisema kwa namna ambayo nilielewa anajiandaa kwenda kumweleza Ta Laurenti.

Ta Laurenti alikuwa ukutani pale pale, pamoja na watu wa kijiji chao, na alikuwa amesikia. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mkimya, ambaye tangu aje hakuniuliza chochote ila kama mkewe ana kiu. Aliinuka, akatusogelea, akasalimu kwanza kama inavyopasa.

"Daktari," alisema, "kule kijijini tunalima shamba moja kwa zamu. Kila balozi wa nyumba kumi ana siku zake, na kila mtu anajua saa yake. Mtufundishe huo mfuko. Watu tunao."

Daktari Mutalemwa alijua vitabu vyake vilisema nini kuhusu wanakijiji katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mimi nilijua alikuwa anavipitia ukurasa kwa ukurasa. Hadija ndiye aliyejibu kabla yake. Alimwambia kwamba mikono yetu imekwisha, na kwamba hao wana mikono, na kwamba muuguzi hataondoka kitandani hata dakika. Daktari akaangalia viganja vya Ta Laurenti, akaniambia niwafundishe.

Niliwafundishia barazani. Tulikuwa na mfuko mmoja tu, nao ulikuwa kazini, kwa hiyo niliwafanya wabinyane viganja: mmoja anapumua, mwenzake anabinya kwa kuifuata pumzi ile, bila haraka, bila kusinzia. Wanawake walielewa upesi. Walikuwa wamepalilia kwa mstari maisha yao yote, wakijua kwenda sawa na jirani. Mwenyekiti wa kijiji alipanga zamu, akatuma habari, na kesho yake wakaja wengine kutoka lweya, wakiwa wamenawa mpaka viwikoni, wakavua viatu wale waliokuwa navyo, wakaingia mmojammoja gizani. Mimi au Hadija tulikaa upande wa pili wa kitanda, tukifyonza makohozi, tukipima, tukisahihisha. Hakuna aliyezungumza. Waliotoka zamu walikaa barazani na kula walichotumiwa na kijiji, ndizi zilizofungwa kwenye majani, maharage, siku nyingine mbuzi. Nilisikia mazungumzo yao ya chini nikiwa mlangoni: kwamba magugu yameota shambani, kwamba bwana shamba wa wilaya atakuja kuuliza, kwamba acha aulize. Mwanamke mmoja ambaye Ma Yustina alikuwa amemgombeza hadharani mwezi uliopita alikaa zamu ndefu kuliko wote, na alipotoka alisema tu kwamba hajamsamehe.

Nimeishi nikasikia watu wakiicheka miaka ile, na mimi pia nina ya kwangu ya kusema, maana nilipanga foleni ya sukari na sabuni kama wenzangu, na nilijua familia zilizohamishwa na kuacha vibanja, mashamba ya migomba ya babu zao, wakilia. Lakini nikisikia neno ujamaa, si hotuba ninazozikumbuka. Nakumbuka kiganja cha mkulima kikipanda na kushuka gizani kwa kadiri ya kifua cha mtu mwingine.

Siku ilipofika ilikuwa adhuhuri, na zamu ilikuwa ya Ta Laurenti mwenyewe. Daktari alikuwa amepunguza dawa kidogokidogo kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa napima presha. Nikaona Ta Laurenti ameacha kubinya na anaukazia mfuko macho kama mtu aliyeumwa na mdudu.

"Ananikataa," alininong'oneza. "Mimi nasukuma, yeye anasukuma."

Hadija aliweka kiganja chake kifuani kwa Ma Yustina. Alisema, "Acha. Acha kidogo," na Ta Laurenti akainua mikono yake hewani kama askari aliyekamatwa. Tulitazama. Kifua kilikaa kimya muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha kikapanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda. Ta Laurenti aliendelea kusimama na mikono juu, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, wala hakuyafuta. Mimi nilitoka barazani kuwaambia wengine, na nikakumbuka kwamba hairuhusiwi kupiga kelele, nao walikumbuka papo hapo. Nikawaambia kwa ishara, nikipandisha na kushusha mkono mbele ya kifua changu. Wanawake wale wakainuka wakacheza. Walicheza bila wimbo, bila vigelegele, bila kupiga makofi, miguu mitupu juu ya saruji, midomo wazi na sauti hamna, na Sista Gaudensia alipotokea mwisho wa baraza kuuliza kuna nini, mmoja wao akamshika mikono na kumzungusha, na funguo zake akazibana kwa kiganja zisilie.

Ilichukua muda bado. Mikazo ilipungua, ikawa ya mara mojamoja, kisha ikakoma. Tuliondoa blanketi la dirisha moja, kisha la pili, na padre akarudishiwa kengele yake. Siku ya kuondoa mrija wa kooni tulikuwepo wote, maana daktari alitaka kujua kama sauti ipo. Alifunga tundu kwa kitambaa, akamwomba Ma Yustina aseme chochote, jina lake ikiwezekana. Ma Yustina alimtazama daktari, akamtazama Hadija, kisha akanitazama mimi, na akakaa akinitazama. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza kama ya jogoo mchanga, lakini kila neno lilisikika.

"Na yule wa Rubafu," alisema, "ulimjibu nini?"

Hadija aligeukia ukutani na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Daktari alipekua karatasi zake ambazo hazikuwa na kitu. Nilijibu kwamba bado.

"Mjibu basi," alisema Ma Yustina. "Mwambie una kazi."

Deo alikuja Jumapili iliyofuata. Senene walikuwa wameanza kuanguka, na watoto walikuwa wakiwakimbiza kwenye nyasi zote za hospitali. Nilimkaribisha kwenye chumba chetu, nikamwekea chai na senene tuliowakaanga asubuhi, nikamwambia. Alisikiliza vizuri, kama alivyokuwa akifanya kila kitu vizuri. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba nyumba imekwisha kuezekwa bati. Nilimwambia nimeelewa, na kwamba ni nyumba nzuri. Alimaliza senene, akanipa mkono, na alioa mwaka uliofuata mwanamke mwema ambaye nimewahi kumzalisha mtoto wake wa tatu. Jioni ile nilitembea peke yangu mpaka ukingoni mwa kilima, nikaona nina furaha ya namna ambayo mtu haombi ruhusa kwa yeyote kuwa nayo. Nilikuwa nimeelewa kwamba sikuacha mazungumzo wodini. Nilikuwa nimejifunza kuzungumza na mtu anayejibu kwa mshipa wa mkono, kwa rangi ya kucha, kwa namna kifua kinavyosita, na hakuna wodi ambako ningesikia mambo mengi zaidi.

Ma Yustina aliondoka kwa miguu yake hadi lango, akiwa amemshika Ta Laurenti begani, na kijiji chake kilikuja kumchukua kwa ngoma, safari hii kwa sauti zote walizokuwa nazo. Alipokuwa akipita barazani aliwakosoa wapiga ngoma kwamba wanakwenda mbio. Siku chache baadaye Sista Gaudensia aliniita. Aliniambia nafasi niliyoiomba wodi ya wanawake imepatikana, muuguzi mmoja anaolewa, na nikitaka naweza kuanza Jumatatu. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumjibu bila kumkosea adabu, nikasikia sauti ya Hadija ikiniita kutoka chumbani, na nikamwomba Sista radhi nikakimbia.

Walikuwa wamemleta mwanamume kutoka upande wa ziwani, mwenye homa ya mapafu, akivuta pumzi fupifupi kama mtu anayepanda mlima. Wabebaji walikuwa wamesimama mlangoni na machela mabegani, hawaingii. Mkewe, mwanamke aliyelowa mvua mpaka kichwani, alikuwa amemziba Hadija njia na kushika miimo ya mlango kwa mikono miwili, na nilipomwona vile nikamkumbuka yule bibi na nguzo ya kitanda. Alituangalia sote wawili.

"Niambieni kwanza," alisema. "Ni humu alimotoka Ma Yustina?"

"Ni humu," nilimjibu.

Akaachia miimo, akasogea kando, akavua viatu vyake vya tope akavishika mkononi, akawaambia wabebaji waingie.